Kuigiza Juliasi Kaizari shuleni: anza mazoezi na Filipi

Mwaka fulani klabu ya maigizo ya shule moja ilinialika nikawatazame wakifanyia mazoezi Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya onyesho. Mauaji ya Kaizari yalikuwa yamenyooka, kila kisu kwa zamu yake, na Antonius wao, rafiki wa Kaizari anayehutubia mazishini, alikuwa na sauti ya kuhutubia uwanja mzima bila kipaza sauti. Nikauliza, "Na Filipi je?" Wakatazamana. Filipi, yale mapigano ya mwisho wa tamthilia, walikuwa wameisoma mara mbili tu, tena wamekaa kwenye madawati. Siku ilipofika, umati wa Rumi ulitoka mbio na mienge kwenda kuchoma nyumba, na wazazi wengi wakadhani mchezo umekwisha. Wakapiga makofi, wakachukua mikoba yao. Waliobaki walitazama nusu saa ya vijana waliojifunga mashuka wakijichoma panga, pasipo kujua nani yuko upande gani.

Haya ninayoandika ni ya kukuepusha na hilo. Nadhani una vijana 20 hadi 30 kwa idadi, bwalo la chakula, wiki kumi, na mwalimu wa taaluma anayeuliza kila Ijumaa mazoezi yataisha lini.

Kwanza, jueni vita vyenyewe

Msigawane nafasi kabla kila kijana hajaweza kueleza nani anapigana na nani. Hii ni tamthilia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mauaji yapo katikati tu. Mwaka 49 KK Kaizari alivuka mto Rubicon pamoja na jeshi lake, jambo ambalo sheria ya Rumi haikumruhusu, na vita kati yake na Pompeius, jemadari mpinzani wake, vikaanza. Pompeius alishindwa Pharsalus mwaka 48 KK, akakimbilia Misri, akauawa huko. Wanawe waliendelea kupigana mpaka waliposhindwa Munda, kule Hispania, Machi 45 KK. Onyesho la kwanza kabisa linaanzia hapo: mafundi wa mjini wamevaa nguo za sikukuu wamshangilie Kaizari, na viongozi wawili wa raia wanawakemea kwa kuwa juzijuzi tu walikuwa wakimshangilia Pompeius. Kijana asiyejua kwamba aliyeshindwa ni Mrumi mwenzao ataona kelele tu.

Kaizari aliuawa tarehe 15 Machi 44 KK. Oktoba 42 KK Brutus na Cassius, viongozi wa njama ya kumuua, wakashindwa na Antonius na Octavius, mrithi wa Kaizari, huko Filipi, kaskazini mwa Ugiriki. Ndiyo Filipi ile ile ya Waraka kwa Wafilipi. Baada ya vita, askari waliostaafu walipewa mashamba pale, na ndiyo maana kitabu cha Matendo kinaiita koloni. Ukilisema hili kwa vijana waliokulia kwaya, mji unaacha kuwa jina gumu na unakuwa mahali.

Waambie pia kwamba Shakespeare ameibana historia. Filipi yalikuwa mapigano mawili yaliyopishana karibu wiki tatu. Yeye ameyafanya siku moja. Na wakikuuliza majeraha yalikuwa mangapi, mwanahistoria Suetonius anasema 23, ila Octavius wa jukwaani anataja 33. Usirekebishe. Acha wabishane bwenini.

Kitabu na ruhusa

Shakespeare mwenyewe hana hakimiliki tena. Tamthilia ni ya mwaka 1599 hivi. Tafsiri ni jambo jingine. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, kisha akaipitia upya, na toleo la 1969 ndilo lenye jina tulilolizoea, Juliasi Kaizari. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi katika maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Mwalimu alifariki mwaka 1999. Kwa hiyo mwandikieni mchapishaji mapema, hasa kama mtatoza kiingilio au mtarekodi video. Barua moja yenye muhuri wa shule inatosha kuanzia.

Njia nyingine, na mimi ndiyo niipendayo zaidi, ni vijana kutafsiri wenyewe maonyesho mawili matatu kutoka Kiingereza. Inachukua wiki mbili na inawafundisha kuliko nukuu za darasani. Kama mtatumia majina ya Kilatini au ya Kiswahili, chagueni moja mshike hilo hilo. Hapa natumia ya Kilatini, isipokuwa Kaizari, ambaye kila mtu anamjua tangu "mpeni Kaizari yaliyo ya Kaizari".

Kupunguza bila kuua

Ikichezwa yote inakaribia saa mbili na nusu, na bwalo lenu lina mabenchi yasiyo na egemeo. Lengeni dakika 90. Kishawishi ni kukata Tendo la 4 na la 5 kwa kuwa zina watu wengi wenye majina yanayofanana. Usifanye hivyo. Kateni hivi.

Katika Tendo la 1, ile dhoruba ya usiku na ishara zake inaweza kubaki dakika mbili. Katika Tendo la 2, mjadala wa wala njama unaweza kupungua theluthi, ila msiguse pale Brutus anapokataa Antonius auawe. Kosa hilo ndilo linaloleta vita. Katika onyesho la hema, Tendo la 4, kifo cha Portia, mke wa Brutus, kinatangazwa mara mbili: kwanza Brutus anamwambia Cassius, baadaye Messala anakileta kama habari mpya. Wasomi wamebishana sana juu ya hilo. Ninyi kateni la Messala, msonge mbele.

Tendo la 5 lina kundi la askari wadogo: Volumnius, Clitus, Dardanius, Strato, Cato kijana na wengine. Waunganisheni wawe watu watatu. Ila Titinius, rafiki wa Cassius, na Pindarus, mtumishi wa Cassius, wabaki kama walivyo. Pindarus anapanda kilimani, anamwona Titinius amezungukwa na wapanda farasi, anapiga kelele kwamba ametekwa. Cassius anasikia, anamwamuru Pindarus amuue yeye Cassius. Kumbe waliomzunguka Titinius walikuwa wenzao, wanampongeza. Jemadari anakufa kwa kuwa kwa mbali rafiki na adui wanafanana. Vita vya ndugu kwa ndugu viko hivyo, na ukikata hapo umebaki na mchezo wa mapanga.

Kugawa nafasi

Jina la kitabu ni la Kaizari, lakini mzigo ni wa Brutus. Kaizari ana mistari kama 150 tu, tena anakufa katika Tendo la 3. Brutus anabeba zaidi ya mara nne ya hiyo. Mpe kijana anayeweza kukariri na kunyamaza. Mpiga kelele wako hodari mpe Casca, mla njama anayeanza kuchoma. Cassius anafaa awe mwenye akili kali na wivu unaoonekana machoni. Nimewahi kumpa msichana wa Kidato cha Tatu nafasi hiyo, na hadi leo sijaona Cassius bora.

Nafasi za wanawake ni mbili tu, Portia na Calpurnia, mke wa Kaizari, na si haki kuwaacha wasichana wengine wote washone maleba. Octavius, Casca, Decius na umati wote wachezwe na yeyote.

Kaizari awe mwepesi. Nasema hili kwa uzito wote. Maiti yake inabebwa mara tatu mbele ya watu, na wabebaji wenu wamekula ugali wa saa saba. Blanketi la bweni na miti miwili mirefu vinatengeneza machela nzuri. Jaribuni kuibeba tangu wiki ya pili.

Ratiba ya kurudi nyuma

Wiki mbili za kwanza, someni mezani, mkieleza kila sentensi kwa Kiswahili cha mtaani. Wiki ya tatu simameni, na siku hiyo anzeni na Tendo la 5. Wiki ya nne, ugomvi wa Brutus na Cassius hemani. Wiki ya tano na ya sita, hotuba za mazishi na umati. Mauaji yasubiri wiki ya saba. Ya nane ni Tendo la 1 na la 2, ya tisa mnaunganisha yote, ya kumi mnavaa maleba na kucheza bila kusimama.

Vijana watanung'unika, wanataka visu. Lakini sababu ya kuanza nyuma si ukaidi wangu. Kijana aliyekwisha kujua kwamba atakufa juu ya upanga ulioshikwa na mtumishi wake husimama tofauti anapoambiwa na rafiki yake kwamba Rumi inamhitaji. Na wiki zinazoliwa na mitihani ya majaribio au msiba wa ghafla huwa ni za mwisho. Mkianzia mwanzo, kitakacholiwa ni Filipi.

Onyesho la hema lipeni muda kuliko mnavyodhani. Watu wazima wawili wanagombana kuhusu fedha, mmoja anamwambia mwenzake amepokea rushwa, wanafikia kutishiana, kisha wanapatana, halafu tunajua kwamba mke wa mmoja amekufa. Baadaye Lucius, kijana mtumishi, anapiga ala na kusinzia juu yake. Kama mna zeze, litumieni. Brutus aitoe ala mikononi mwa mtoto polepole isivunjike, ndipo mzimu wa Kaizari uingie. Msimpake Kaizari unga. Aje na shuka lile lile la Tendo la 3, asimame, basi.

Umati

Ukiwa na saa kumi za ziada, zote uzitie hapa. Umati mbaya ni watu kumi na wawili wanaosema "ndiyo" kwa pamoja. Umpe kila mmoja jina, kazi na sababu ya kuwepo uwanjani. Huyu ni fundi viatu, yule anauza maji, yule mwanawe alikufa vitani chini ya Pompeius, huyu anadaiwa kodi. Wosia wa Kaizari unapotaja fedha kwa kila raia, mdaiwa hasikii kama wengine.

Kuna zoezi moja sitaliacha. Umati wote wasimame wampe Antonius mgongo. Antonius atoe hotuba nzima. Mtu ageuke tu pale ambapo yeye mwenyewe, kwa dhati, ameguswa, na akipoa arudie kutoa mgongo. Siku ya kwanza Antonius wetu alimaliza hotuba yake kwa mikono na kelele, na waliogeuka walikuwa wawili, mmoja wao kwa kuwa alisikia kengele ya chai. Kijana aliketi chini akakaribia kulia. Siku ya nne aliacha kupaza sauti. Alipofika kwenye vazi la Kaizari alilikunjua taratibu, akaingiza kidole kwenye tundu moja la kisu, kikatokea upande wa pili, akakitazama. Wakageuka tisa.

Mkumbuke kwamba katika Kiingereza cha asili Brutus anazungumza kwa nathari pale mazishini na Antonius kwa ushairi. Mmoja anajenga hoja, mwingine anajenga wimbo. Hata mkitafsiri wenyewe, hifadhini tofauti hiyo. Na kwa mistari yote ya kishairi, kijana asisimame mwisho wa mstari. Asimame penye nukta. Asiyesikia hili atasoma kama anahesabu ng'ombe.

Siku ya maonyesho wapandeni umati katikati ya watazamaji, makundi matatu. Mzazi anaposikia mtu wa pembeni yake ananyanyuka na kupiga ukelele, naye moyo unamwenda mbio.

Visu

Hakuna kisu halisi. Hata cha jikoni kilichobutuka. Chongeni mbao laini, ncha iwe ya mviringo, pakeni rangi ya fedha. Mauaji yanahitaji visu sita: Casca anayeanza, Cinna, Decius, Metellus, Cassius, na Brutus wa mwisho. Trebonius amemtoa Antonius nje. Andikeni nambari kwenye kila mpini, na mtu mmoja, asiyeigiza, avigawe na kuvipokea.

Anayechomwa ndiye anayeendesha. Mchomaji humtazama machoni, anasubiri kope moja au pumzi, ndipo anapeleka mkono, na kisu kinapita upande usioonekana na watazamaji, kati ya mkono na ubavu. Maumivu yanatengenezwa na Kaizari mwenyewe. Panga za Filipi zipitie chini ya bega au juu ya kichwa kwa umbali wa hatua moja, usoni kamwe. Fanyeni kwa nusu ya mwendo wiki nzima. Na kabla ya kila onyesho, hata la tatu, rudieni mapigano yote taratibu, na asiyekuwepo kwenye marudio hapigani siku hiyo.

Kuhusu damu nilikuwa mpenzi wa rozela iliyochemshwa na sukari na wanga wa muhogo kidogo. Inaonekana vizuri sana. Lakini mashuka ni ya bweni, na rozela ikikutana na sabuni ya mche inabadilika kuwa bluu ya kijani. Matroni alinionyesha shuka moja mbele ya staff nzima. Sasa natumia vitambaa vyekundu vyembamba: kila muuaji anaficha kimoja kiganjani, na akichoma anakiacha kwenye vazi la Kaizari. Mwisho wake Kaizari amelala amefunikwa na vipande vyekundu, na Brutus anapowaambia wenzake waoshe mikono yao katika damu, wanaviokota na kuvifunga vifundoni mwa mikono. Wanavivaa hadi Filipi.

Orodha, na Cinna

Maonyesho mawili mafupi hukatwa na watu wengi, nami nawasihi myaache. La kwanza ni Antonius, Octavius na Lepidus wamekaa mezani wakitia alama majina ya watakaokufa. Lepidus anakubali ndugu yake mwenyewe afe, Antonius anamtoa mpwa wake. Ni dakika chache. Wapeni chai na maandazi. Kalamu ipite, andazi lipite. Msiongeze huzuni yoyote.

La pili ni Cinna mshairi, aliyeuawa na umati kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja wa wala njama. Anaeleza kwamba si yeye, na haisaidii. Hapa mwongozaji awe mtu mzima. Darasani kwako huenda yupo mtoto ambaye familia yake ilitoka Burundi au Kongo, ambaye nyumbani kwao kuulizwa jina njiani si maigizo. Ongea na kila mshiriki peke yake kabla ya zoezi la kwanza, mpe ruhusa ya kukataa nafasi bila kueleza sababu, na ukimaliza zoezi usiwatawanye hapo hapo: kaeni, kunyweni maji, kila mtu aitwe kwa jina lake halisi. Msimpe Cinna lafudhi ya kabila lolote. Na Kaizari asifanane na kiongozi yeyote aliye hai, wala maleba yasibebe rangi za chama. Mkuu wa shule atakushukuru.

Maleba, radi na taa

Toga ya kweli ilikuwa kitambaa kikubwa cha sufu chenye upande wa duara. Yenu ni shuka moja, pini kubwa begani, na bukta ndani kwa usalama. Majeshi yote mawili yavae nguo ileile. Tofauti iwe utepe tu: wa Brutus na Cassius ni vile vitambaa vyekundu, wa akina Antonius ni vyeusi. Watazamaji wakichanganyikiwa kidogo kwenye kilima cha Pindarus, ndiyo vizuri.

Radi ya Tendo la 1: ning'inizeni bati moja la geji 30 nyuma ya pazia, mtu alitikise kwa kushika pembe ya chini. Saa inayogonga usiku wa njama ni kosa maarufu la Shakespeare, maana Rumi haikuwa na saa za kengele. Tena inagonga mara tatu, ambazo kwetu ni saa tisa. Amueni mapema, la sivyo mgonga kengele atagonga tisa na watu watahesabu kwa sauti.

Kama umeme wenu hauaminiki, anzeni saa kumi na moja jioni. Mkipiga hesabu vizuri, mauaji yanatokea jua likiwa juu bado, na Filipi inaingia giza. Kwa hema wekeni taa moja tu ya chemli.

Siku yenyewe

Pumziko liwe baada ya Cinna, kamwe si baada ya hotuba. Umati umburute nje, jukwaa libaki tupu na karatasi zake za mashairi, na mtangazaji asimame aseme wazi kwamba vita vinafuata baada ya dakika kumi. Fungeni mlango wa nyuma kwa adabu: mwekeni pale kijana anayeuza karanga.

Mkumbushaji akae mbele, si pembeni, kitabu magotini. Brutus akisahau, apewe neno la kwanza tu.

Makofi yakianza, umati watoke kwanza kuinama, Kaizari wa mwisho. Kisha mtu wenu wa visu asimame mlangoni na ndoo. Vikirudi vitano, hakuna anayekwenda kupiga picha na wazazi mpaka cha sita kipatikane. Mara nyingi kiko kwenye shuka la Kaizari.